Uliza Mwalimu: Fotoni Iliyopotea na Fotoni Iliyopotoka

Toleo lililopita niliandika kurasa mbili kuhusu mfungamano wa kwanta, yaani jozi ya fotoni (chembe za nuru) zinazozaliwa pamoja na kubaki na hatima moja hata moja ikipelekwa huku na nyingine kule. Nikajua nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja za kutosha kujaza kikapu, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa milango tofauti: jozi hizo zinafikaje mbali kwenye njia mbovu, zikiwa bado zina thamani? Nimechagua chache. Kwa mgeni wa safu hii, nikumbushe kwamba kabla ya kushika chaki nilifanya kazi ya kuunga faiba kwa miaka tisa. Msinishangae nikirudi kwenye manholi kila baada ya aya mbili.

*

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi faiba, Kibaha. Kebo ya baharini ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009 tuliambiwa njiani ina vifaa vya kuongeza nguvu ya nuru, ndiyo maana inavuka bahari nzima. Sasa hawa watu wa kwanta kwa nini wasiweke amplifaya kama wenzao? Mbona wakifika kilomita mia wanaanza kulia?*

Marahaba, fundi mwenzangu. Wanalia kwa haki.

Faiba nzuri kwenye nanomita 1550 inakula desibeli 0.2 (desibeli ni kipimo cha nuru inavyopungua) kila kilomita, hesabu hiyo wewe unaijua hata usingizini. Kilomita 50 ni desibeli 10, yaani katika fotoni kumi inafika moja. Kilomita 100, katika mia inafika moja. Kwenye intaneti hilo halitishi mtu, maana kila alama inabebwa na fotoni nyingi. Zikipungua, amplifaya inazalisha nyingine zinazofanana na zilizobaki, safari inaendelea.

Tatizo ni hiyo "zinazofanana". Mwaka 1982 Wootters na Zurek, na Dieks kwa upande wake, walithibitisha kwamba hali ya kwanta usiyoijua hairudufiki. Si kwamba mashine bado haijabuniwa. Haiwezekani, kama ambavyo huwezi kuchora pembetatu yenye pande nne. Na amplifaya, ukiivua nguo zake zote, ni mashine ya kurudufu. Ipitishie fotoni moja yenye mfungamano na mwenzake aliye Dodoma: itakutolea nuru ya kutosha, ila undugu na yule wa Dodoma utakuwa umevurugwa humo ndani.

Basi unabaki na upotevu mtupu. Kilomita 500 ni desibeli 100: fotoni moja katika bilioni kumi. Uwe na chanzo kinachotoa fotoni bilioni moja kila sekunde, utapokea moja kila sekunde kumi. Kilomita 1,000, kwa chanzo hicho hicho, utasubiri moja kwa zaidi ya miaka 3,000.

Kuna namba nyingine ambayo hutaipenda. Kilomita 15 za faiba ni desibeli 3, yaani nusu ya fotoni zinapotea. Kuanzia hapo, ukiwa unatuma tu bila kupokea jibu lolote kutoka upande wa pili, uwezo wa faiba hiyo kubeba hali ya kwanta salama ni sifuri kamili. Ufundi wowote wa kusimba ujumbe hausaidii. Sababu ni ile ile ya kurudufu. Fikiria kuna mtu amekaa pembeni anaokota kila kinachovuja njiani. Kama nusu inavuja, yeye ana mkononi sawasawa na alichonacho mpokeaji halali. Mpokeaji akiweza kuujenga upya ujumbe, huyu naye ataweza, na tayari mna nakala mbili za kitu kisichokubali nakala. Kwa hiyo hakuna anayeweza.

Kinachookoa jahazi ni simu. Simu ya kawaida kabisa. Badala ya kutuma kitu chako cha thamani, unatuma vipande vya jozi ambazo hazijabeba chochote. Asha abaki na kipande kimoja, cha pili kiende kwa Bakari. (Wenyewe kwenye vitabu vyao huwaita Alice na Bob. Kwangu ni Asha na Bakari, herufi ni zile zile.) Kisha Bakari anapiga simu: "Namba 7 imefika, namba 112 imefika, nyingine sikuziona." Zilizopotea hazikuwa na mzigo, hasara yake ndogo. Kwa zile zilizofika, Asha sasa anaweza kumhamishia Bakari hali ya thamani kwa njia iliyoandikwa mwaka 1993 na Bennett na wenzake watano: anapima alichonacho pamoja na kipande chake cha jozi, anatuma biti mbili kwa simu, Bakari anageuza kipande chake kufuatana na biti hizo. Ndiyo maana watu wanahangaika na kugawana jozi kwanza. Jozi ni barabara, mzigo hupita baadaye.

Hata hivyo simu nayo ina kikomo. Pirandola na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba kwa kilomita 100 za faiba, bila kituo katikati, hata mtu awe hodari namna gani hatapata zaidi ya jozi 1.45 kwa kila mitumo 100.

Hapo nimezungumzia upotevu peke yake, na upotevu ni adui mwungwana, maana fotoni isipofika unajua haijafika. Anayeninyima usingizi mimi ni upotofu: fotoni iliyofika, imebisha hodi, imeingia ndani, kumbe njiani imepotoka. Mara nyingi jozi hubeba undugu wao kwenye uelekeo ambao wimbi la nuru linatikisika. Faiba ikibanwa, ikipata jua, ikiyumbishwa na upepo nguzoni, uelekeo huo unazunguka. Mashine yako ya OTDR, ile ya kupima nuru inapopotea ndani ya faiba, haitaona kitu, kwa sababu nuru yote ipo.

Mwaka wangu wa tatu kazini tuliunga kebo moja usiku, mvua inanyesha, mwavuli umefungwa kwenye ngazi. Kila jointi mashine ilisoma desibeli 0.02. Nikaweka slivu, nikapasha, nikapanga treyani, nikaenda kulala kwa raha. Asubuhi mteja analalamika. Kampuni iliyotuajiri ikasema mafundi wamelewa. Nilirudi nikapima kwa nuru ya nanomita 1310, safi. Nikapima kwa 1550, inavuja. Faiba moja ilikuwa imekunjwa mno ndani ya treyi, na mkunjo huumiza 1550 kuliko 1310. Nilikuwa nimepima kwa rangi moja nikajiridhisha. Kosa la upotofu ni jamaa wa kosa lile: halionekani mpaka uulize swali la aina ya pili.

Na ukizidisha umbali, maadui hao wawili wanaungana. Vipokezi vya fotoni moja moja hulia vyenyewe mara chache hata gizani. Fotoni za kweli zikiwa nyingi, vilio hivyo vya uongo havina uzito. Zikibaki mbili tatu, hujui tena ipi ya kweli.

Badala ya amplifaya kuna kitu ambacho wewe kama mwunga faiba utakipenda: kuunga jozi. Weka kituo katikati. Asha ana jozi na kituo, Bakari ana jozi na kituo. Kituo kinapima vipande vyake viwili kwa pamoja, kinatangaza jibu, na hapo Asha na Bakari wanakuwa na mfungamano ingawa fotoni zao hazijawahi kuonana. Żukowski, Zeilinger, Horne na Ekert waliieleza mbinu hii mwaka 1993. Mwaka 1998 Briegel, Dür, Cirac na Zoller wakaonyesha jinsi ya kupanga vituo hivyo mnyororo mzima. Ila jointi zao ni ghali kuliko zetu. Ukiwa na jozi za uaminifu (yaani zinavyofanana na jozi kamili) wa asilimia 90, mbili zikiungwa unapata 81. Nne, 67. Nane, 49. Kwa nini 49 ni msiba, soma jibu la mwanafunzi wa Eldoret hapo chini.

*

*Salaam aleikum mwalimu. Nauza kanga hapa Tanga. Nilisoma makala yako nikacheka. Doti ya kanga nikiikata, kipande kimoja nikamtumia dada yangu Mombasa bila kuangalia ni ipi, akifungua akakuta ya korosho nyekundu, palepale anajua na mimi nimebaki na ya korosho nyekundu. Mbona hatukupewa Nobel?*

Waaleikum salaam, dada yangu. Swali lako lilimkera hata John Bell, mwana wa Belfast aliyekuwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe kule Geneva. Yeye alitumia soksi za mwenzake Bertlmann, aliyekuwa akivaa rangi mbili tofauti kila siku: ukiona mguu mmoja wa waridi, unajua wa pili si wa waridi. Doti yako ni bora kuliko soksi, lakini ni hoja ile ile. Kila kipande kilikuwa na rangi yake tangu dukani. Kufungua ni kusoma kilichoandikwa.

Mwaka 1964 Bell alionyesha namna ya kutofautisha. Tuifanye mchezo. Wewe na dada yako mnatenganishwa, hakuna simu. Kila mmoja anaulizwa swali la kwanza au la pili, kwa bahati nasibu, na anajibu "ndiyo" au "hapana". Mnashinda mkijibu sawa, isipokuwa wote wawili mkiulizwa swali la pili. Hapo lazima mtofautiane. Kabla ya kutengana panganeni mtakavyo, andikeni majibu kwenye pindo la kanga mkitaka. Jaribu kwa kalamu, mchanganyiko wa maswali uko minne tu: mtaweza kutimiza mitatu, wa nne utawashinda daima. Yaani asilimia 75, hamtavuka. Wenye jozi za kwanta wanaweza kufika 85.

Mwaka 2015 mjini Delft, Uholanzi, walicheza mchezo huu kwa umbali wa kilomita 1.3 kati ya almasi mbili ndogo, wakihakikisha hata nuru yenyewe haina muda wa kupeleka swali la huku kabla jibu la kule halijatoka. Walipata raundi 245, wakashinda 196. Hiyo ni asilimia 80. Doti haifiki huko, dada. Nobel ya 2022 walipewa Aspect, Clauser na Zeilinger kwa majaribio ya ukoo huu.

Ila kuna kipengele ambacho mwezi uliopita nilikiruka kwa uvivu. Upotofu wa kawaida, ule usiopendelea upande wowote, ukiishusha jozi chini ya asilimia 78 hivi ya uaminifu, kwenye mchezo huo haikusaidii tena. Unarudi kwenye 75 kama mwenye doti. Wakati huohuo, mpaka kufika asilimia 50 jozi bado ina mfungamano ndani yake. Umefichika, umechafuka, lakini upo. Swali la namna ya kuutoa ndilo lifuatalo.

*

*Mwalimu, shikamoo. Nasoma mwaka wa pili chuoni, Eldoret. Mhadhiri wetu alisema kuna "usafishaji" wa mfungamano: unachukua jozi mbovu nyingi unapata nzuri chache. Sielewi. Ikiwa huwezi kuiangalia jozi bila kuiharibu, utajuaje ipi mbovu? Na Asha na Bakari wako mbali, kila mtu anashika nusu tu!*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza vizuri mno, kaa chini tunywe chai.

Kwanza kipimo. Uaminifu wa asilimia 100 ni jozi kama ilivyozaliwa. Asilimia 25 ni takataka tupu, vipande viwili visivyojuana. Mstari wa mauti uko 50. Jozi ya kelele sawa kwa pande zote ikiwa na 50 au chini yake, Asha na Bakari wangeweza kuitengeneza wenyewe kwa kupigiana simu tu, bila faiba ya kwanta wala nini. Na simu haizalishi mfungamano, hata mkiongea mwaka mzima. Kwa hiyo hapo hakuna cha kuokoa. Juu ya 50, kipo.

Mbinu waliitoa Bennett, Brassard, Popescu, Schumacher, Smolin na Wootters mwaka 1996, na inakwenda hivi. Asha na Bakari wanachukua jozi mbili, ya kwanza na ya pili. Ya pili ni kafara. Asha, upande wake, anakigeuza kipande chake cha pili kichwa chini iwapo kipande chake cha kwanza kiko hali ya "moja", na anakiacha kama kiko "sifuri". Anafanya hivyo kwa mashine, bila yeye kuiona hali hiyo. Bakari naye upande wake anafanya vivyo hivyo. Kisha kila mmoja anapima kipande chake cha jozi ya pili, ile kafara, na kuiua. Wanapigiana simu. "Wewe umepata nini?" "Moja." "Na mimi moja." Majibu yakilingana, wanabaki na jozi ya kwanza. Yakitofautiana, wanatupa zote mbili.

Ona ujanja ulipo. Hawakuiuliza jozi ya kwanza "wewe ni nani?" Wangeiuliza hivyo wangeivunja. Waliuliza jambo dogo zaidi: je, vipande vyako viwili vinakubaliana? Jibu la swali hilo likahamia kwenye kafara, likasomwa huko. Kama moja kati ya jozi hizo mbili ilikuwa imepinduka njiani, kafara itatoa majibu yasiyolingana. Ikiwa zote mbili zilipinduka, majibu yatalingana na utadanganywa, ndiyo maana usafi haufiki 100 kwa pigo moja.

Twende na namba, nimezikokotoa mwenyewe jana usiku nyuma ya bahasha ya barua yako. Una jozi 1,000 za asilimia 80. Unazipanga mbili mbili, majaribio 500. Karibu 384 yanalingana, na jozi zilizobaki zina asilimia 84. Rudia: zinabaki kama 155, asilimia 87. Rudia tena: kama 65, asilimia 90. Umeanza na elfu, umeishia na sitini na tano, na hapo nimechukulia kwamba mashine za Asha na Bakari hazikosei hata mara moja. Wakikosea wao, kila raundi inaongeza uchafu wake, na kuna mahali unafika unafua nguo kwa maji ya matope.

Tena kafara hiyo inakamata kosa la aina moja tu, la kupinduka. Kuna kosa la pili, la alama, ambalo linapita bila kubisha. Zaidi ya hapo, la kafara linarudi nyuma na kuichafua jozi uliyoihifadhi. Bennett na wenzake walichanganya makosa kwa makusudi kila raundi ili yawe sawa pande zote. Deutsch na wenzake, mwaka huohuo 1996, walipendekeza kuzizungusha jozi katikati ya raundi ili kosa lililojificha leo liwe ndilo la kukamatwa kesho. Hiyo ndiyo 1310 na 1550 yangu. Uliza kwa rangi zote mbili.

Je, imefanyika kwa mikono? Ndiyo. Mwaka 2017 kundi la Delft lilifanya kati ya vituo viwili vya almasi vilivyotengana mita mbili. Mita mbili, upana wa meza mbili za darasani! Ugumu ulikuwa kusubiri: jozi ya kwanza ikishapatikana lazima ihifadhiwe mahali wakati unatafuta ya pili. Waliihifadhi kwenye kiini cha atomu ya kaboni-13 iliyomo ndani ya almasi yenyewe, karibu na elektroni iliyokuwa ikifanya kazi. Mwaka 2024 kundi hilo likaunganisha Delft na The Hague kwa kilomita 25 za faiba iliyofukiwa ardhini, ingawa hapo walipata mfungamano wenyewe, si usafishaji.

*

*Mwalimu, toleo lililopita uliandika kwamba setilaiti ya China iligawa mfungamano kilomita 1,203 "bila upotevu". Mimi si mwanafizikia lakini hilo halikuniingia akilini. — Msomaji wa siku nyingi, Nakuru*

Lisikuingie. Nilikosea, na mhariri hakunishika. Nilitaka kuandika "bila faiba".

Setilaiti hiyo, Micius, ilirushwa Agosti 2016 na inazunguka kilomita 500 hivi juu yetu. Ilizaa karibu jozi milioni 5.9 kila sekunde, kipande kimoja kikashuka Delingha na kingine Lijiang. Kilichopokelewa chini ni kama jozi moja kwa sekunde. Upotevu wa njia mbili pamoja ulikuwa kati ya desibeli 64 na 82. Hiyo ni kubwa sana. Lakini linganisha na faiba ya umbali huohuo, desibeli 240, upige hesabu mwenyewe miaka ni mingapi. Tofauti inatokana na anga: hewa nzito iko kilomita kumi hivi za mwisho, huko juu ni utupu usionyonya nuru, inatawanyika tu kwa kupanuka. Jozi zilizofika zilikuwa na uaminifu wa asilimia 87 hivi, na kwenye mchezo niliomweleza dada wa Tanga zinalingana na ushindi wa karibu asilimia 80.

Nami jaribio ninalolipenda si hilo. Ni la Malta na Sicily, lililochapishwa mwaka 2019: kilomita 96 za faiba chini ya bahari, kebo ya kawaida ya mawasiliano, desibeli 22. Katika fotoni elfu zinavuka sita. Wakapata jozi kama 257 kila sekunde. Hakuna roketi, ni kebo tu na watu wenye subira. Nilipolisoma nilinusa kabisa ile pombe ya kusafishia faiba.

*

*Assalaam aleikum. Niko Muscat, mama yangu yuko Wete. Simu ya video inakatikakatika. Hii kwanta itaondoa ule ucheleweshaji?*

Waaleikum salaam. Hapana. Kipande chako kikipimwa kinakupa jibu la bahati nasibu, na cha mama vivyo hivyo; mnaona kwamba yanahusiana pale tu mnapoyalinganisha, na kulinganisha ni kwa simu ileile inayokatika. Hakuna neno hata moja linalopita kwa mfungamano peke yake. Mtu akikuuzia kifaa cha kwanta cha kuharakisha simu, mwombe risiti na umwoneshe polisi. Mama msalimie.

*

*Mwalimu, umesema juu ya 50 kila jozi inasafishika. Hakuna mfungamano mbovu kiasi cha kukataa kabisa, hata ukiwa na milioni? — Bujumbura*

Upo. Ila si kwa kyubiti mbili, yaani vitu viwili vyenye hali mbili kila kimoja, "sifuri" na "moja". Kwa jozi ya kyubiti mbili, kila penye mfungamano panasafishika, hata kama itabidi kwanza uzichuje. Ukipanda kwenye vitu vyenye hali tatu kila kimoja, mambo yanaharibika. Mwaka 1998 Ryszard Horodecki na wanawe Michał na Paweł, wa Gdańsk, Poland, walionyesha kwamba kuna mfungamano ambao ni wa kweli, huwezi kuutengeneza kwa simu, lazima utumie jozi nzuri kuujenga. Lakini ukishaujenga hutoi humo hata jozi moja. Mimi nauita mfungamano-mfungwa. Ni kama mchango wa upatu uliokwenda na kijumbe: ulitoa, ni kweli ulitoa, na hurudishiwi.

Kwa miaka kumi wengi waliuona kama udadisi wa wanahesabu. Kisha mwaka 2008 Graeme Smith wa IBM na Jon Yard wa Los Alamos wakachukua njia mbili. Ya kwanza inazalisha mfungamano-mfungwa tu, uwezo wake wa kubeba hali ya kwanta ni sifuri. Ya pili inapoteza nusu ya kila kinachotumwa, sawa na faiba ya kilomita 15 ya yule fundi wa Kibaha, nayo uwezo wake ni sifuri. Wakazitumia kwa pamoja, bila simu yoyote ya kurudi, na hali ya kwanta ikapita. Sifuri na sifuri, ikatoka zaidi ya sifuri. Nilipoisoma mara ya kwanza niliirudia hesabu yao kwa kalamu mpaka adhana ya alfajiri, natafuta walipokosea. Hawakukosea.

Walioandika kuhusu majiko ya induksheni na sufuria za alumini, nimewaona. Toleo lijalo.